Katuni Iliyoundwa kwa Katuni Nyingine: Uchambuzi wa Kisa cha Smitten Kitten (1952)

Kwa nini kisa hiki

Kila mhariri wa picha, awe anaandaa kipindi cha televisheni au anaunganisha mikanda ya sherehe za familia, hufika siku ambayo anadaiwa kazi mpya huku alichonacho mkononi ni picha za zamani, fedha ni chache na tarehe ya kukabidhi haisogei. Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu studio ya Marekani iliyolikabili jambo hilo hilo ikiwa katika kilele cha umaarufu wake, ikatoa filamu fupi ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa imekwisha kuonyeshwa. Filamu na waongozaji wake wanajulikana hadharani, kwa hiyo nimewataja. Mafundi walioshika mkasi, brashi na kamera nimewaacha bila majina, kwa sababu kinachopimwa hapa ni maamuzi na wala si watu.

Ninaamini kisa hiki kinawahusu vijana wanaojifunza uhariri leo kuliko wanavyodhani. Kuchota picha za zamani kumerahisishwa mno na kompyuta, lakini swali la kwa nini mtazamaji azitazame tena limebaki gumu kama lilivyokuwa.

Usuli

Studio ya katuni ya MGM, kampuni kubwa ya filamu ya Hollywood, ilianzishwa mwaka 1937 huko Culver City, California, chini ya usimamizi wa Fred Quimby. Februari 1940 William Hanna na Joseph Barbera walitoa filamu fupi iliyozaa mfululizo wa Tom na Jerry, paka na panya wasioacha kukimbizana, na hadi mwaka 1958 mfululizo huo ulikuwa na filamu 114 za wawili hao, saba kati yake zikiwa zimepata tuzo ya Oscar.

Ubora huo ulikuwa na bei yake, na hapa inafaa kwenda polepole, maana bila hesabu hii uamuzi uliokuja baadaye utaonekana kuwa uvivu mtupu. Filamu hupita kwa kasi ya fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Dakika saba, urefu wa kawaida wa katuni hizi, ni sekunde 420, yaani fremu 10,080. Hata pale mchoro mmoja unapotumika kwa fremu mbili mfululizo, mhusika asiyetulia muda wote huo anahitaji michoro zaidi ya elfu tano, na katika mfululizo huu wahusika wasiotulia walikuwa angalau wawili. Kila mchoro wa penseli ulinakiliwa kwa wino juu ya karatasi angavu ya seluloidi, ukapakwa rangi kwa upande wa nyuma, ukalazwa juu ya mandhari iliyochorwa kwa mkono, ndipo ukapigwa picha. Na kupiga picha kwenyewe hakukuwa mara moja: katika mfumo wa Technicolor uliotumika, kila fremu ya katuni ilipigwa mara tatu kwenye filamu nyeusi na nyeupe, kupitia kichujio chekundu, kisha cha kijani, kisha cha bluu, ili rangi zije kuunganishwa maabara. Juu ya yote hayo kulikuwa na muziki wa Scott Bradley, ulioandikwa kufuata kila hatua, kila anguko na kila mlango uliobamizwa, na kupigwa na okestra kamili.

Upande wa mapato, hali ilikuwa inabadilika. Filamu fupi zilionyeshwa katika kumbi za sinema kabla ya filamu kubwa, na kwa miaka mingi makampuni yaliwauzia wenye kumbi filamu zao kwa mafungu, kubwa na ndogo pamoja. Mei 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi dhidi ya Paramount na makampuni mengine makubwa, ikiwemo kampuni mama ya MGM, iliharamisha mtindo huo na kufungua njia ya makampuni kutenganishwa na kumbi zao. Mwenye ukumbi hakulazimika tena kuchukua katuni ili apate filamu ya nyota anayempenda. Wakati huo huo televisheni ilikuwa inaingia sebuleni mwa watu. Gharama ya kuchora haikushuka, ila uhakika wa kuirudisha ulianza kuyumba.

Jibu la kwanza lilikuja Oktoba 1949 kwa filamu iitwayo Jerry's Diary. Tom anasikia redioni kwamba ni wiki ya kuwatendea wanyama wema, anamwandalia Jerry zawadi, lakini anaikuta shajara ya panya huyo na kuanza kuisoma. Kila ukurasa unafungua kipande cha filamu ya zamani ambamo Tom aliumizwa, na kadiri anavyosoma ndivyo wema unavyomtoka. Vipande vilitoka katika filamu nne za kati ya mwaka 1943 na 1946. Njia ikawa imepatikana.

Mfululizo wa matukio

Smitten Kitten ilitoka Aprili 12, 1952, na huo ulikuwa mwezi mmoja tu baada ya The Two Mouseketeers, filamu ya mfululizo huo huo iliyopata Oscar. Jambo hili lisipitwe haraka. Studio iliyoweza kutoa kazi mpya ya kiwango cha tuzo mwezi Machi ndiyo iliyotoa kazi ya vipande mwezi Aprili, hivyo vipande havikutumika kwa kukosa uwezo wa kuchora.

Hadithi mpya inayovibeba vipande ni fupi. Tom anamfukuza Jerry ufukweni, anamwona paka jike mrembo na kupagawa papo hapo. Jerry anaachwa peke yake. Mara anatokea Jerry mwingine, mdogo, wa kijani, mwenye sura ya kishetani, na tofauti na Jerry mwenyewe ambaye kwa kawaida hasemi, huyu anasema sana. Hoja yake ni moja: kila paka huyu anapopenda, balaa humwangukia panya. Kisha anaanza kumkumbusha.

Kipande cha kwanza kimetoka katika Salt Water Tabby ya mwaka 1947, filamu ya ufukweni. Cha pili ni cha The Mouse Comes to Dinner ya mwaka 1945, ambamo Tom anamkaribisha mpenzi wake mezani na kumlazimisha Jerry awe mtumishi, mpaka kupuliza supu ili ipoe. Cha tatu ni cha Texas Tom ya mwaka 1950, kisa cha paka anayejifanya mchunga ng'ombe, na tena anajifanya mwimbaji kwa kufumbua mdomo huku sauti inatoka kwenye santuri. Cha nne kinatoka katika Solid Serenade ya mwaka 1946, ambamo Tom anamwimbia kipenzi chake chini ya dirisha huku akipiga fidla kubwa ya besi.

Baada ya kipande cha nne tunarudi ufukweni. Jerry amekwisha kushawishika na anakwenda kuwaharibia wapenzi hao, lakini njiani anakutana na panya jike, na yeye mwenyewe anapagawa. Hoja zote alizojazwa zinamtoka kichwani.

Maamuzi, na sababu zinazoonekana ndani ya filamu

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuchagua mada moja finyu. Studio ilikuwa na filamu nyingi za kuchota, na katika Jerry's Diary vipande viliunganishwa na jambo pana sana, yaani Tom kuumia, jambo linalopatikana karibu katika kila filamu ya mfululizo. Safari hii kigezo kikawa Tom katika mapenzi. Kigezo finyu hupunguza vya kuchagua, lakini humwondolea mhariri mzigo wa kueleza. Kila kipande kikianza, mtazamaji anajua papo hapo Tom anataka nini, kwa nini Jerry anamsumbua na nani wa tatu aliyesimama kati yao. Katuni ya dakika saba hutumia dakika ya kwanza kujenga hali kama hiyo, na hapa hali imejengwa mara moja na kutumika mara nne.

Uamuzi wa pili ni wa mpangilio. Tazama miaka kwa jinsi vipande vinavyofuatana: 1947, 1945, 1950, 1946. Huo si mpangilio wa tarehe hata kidogo, na kuna sababu. Hadithi ya nje iko ufukweni, na kipande cha kwanza kiko ufukweni. Mtazamaji anatolewa kwenye mchanga na kupelekwa kwenye mchanga, na kwa kuwa mahali hapajabadilika, kuvuka kutoka sasa kwenda zamani hakumgutui. Akishavuka mara moja bila kujikwaa, anaweza kupelekwa kwenye meza ya chakula, kisha Texas, kisha chini ya dirisha usiku, na hatauliza kitu. Wahariri wanaoanza kazi mara nyingi huweka mbele kipande wanachokiona kitamu kuliko vyote. Hapa kilichowekwa mbele ni kile kinachofanana na mlango wa kuingilia, na mimi naona huo ndio uamuzi wa kifundi wa maana kuliko wote katika filamu hii.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kumpa mtu kazi ya kusimulia. Kijishetani hiki nacho si kipya, kwa maana kilikwisha kutumika katika Springtime for Thomas ya mwaka 1946, ambayo pia ina Tom aliyezama katika mapenzi na Jerry anayekuja kunaswa kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo studio ilichota na wazo pia. Lakini wazo hilo lilifaa, kwa sababu msimulizi huyu ana nia. Anakumbusha ili amchochee Jerry atende jambo, na kila kipande anachokileta kinakuwa kama shahidi anayeitwa na mwendesha mashtaka kumtia Tom hatiani.

Uamuzi wa nne, ambao ni rahisi kuusahau, ni kuchota kwenye picha zilizokwisha kukamilika badala ya kuzipiga upya. Katika studio za wakati ule karatasi za seluloidi zilioshwa na kutumika tena, au zikatupwa. Kilichodumu ni filamu, na filamu ilikuja na sauti yake, muziki wake na kasi yake. Mhariri aliweza kukata mwanzo na mwisho, ila hakuweza kumfanya Tom wa mwaka 1945 ageuze shingo upande mwingine.

Kuhusu haki, studio ilichota ghalani mwake yenyewe, kwa hiyo hakukuwa na swali la ruhusa. Anayekusanya vipande vya wengine leo asijipe moyo kwa mfano huu.

Matokeo

Studio iliendelea na njia hiyo. Novemba 1953 ilitoa Life with Tom, iliyochota katika filamu tatu za mwaka 1947 hadi 1949, na Oktoba 1955 ikatoa Smarty Cat, ambamo Tom na paka wenzake wanatazama mikanda ya nyumbani. Solid Serenade peke yake ilichotwa katika kazi tatu, za mwaka 1949, 1952 na 1955.

Mwaka 1957 kampuni iliifunga studio yenyewe. Hesabu iliyotawala uamuzi huo ilikuwa kwamba kuzirudisha sokoni katuni za zamani, nzima nzima, kuliingiza fedha zilizokaribia zile za katuni mpya bila mtu kuchora mstari mmoja. Ni wazo lile lile la kutumia tena kilichokwisha kulipiwa, ila sasa limepelekwa mpaka mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa kwamba wachoraji hawahitajiki. Sisemi kwamba filamu za vipande ndizo zilizoifunga studio. Gharama na televisheni vilikuwa na nguvu zaidi. Lakini inauma kuona jinsi akiba ileile iliyowapa wasanii nafasi ya kupumua ilivyokuja kutumika kuonyesha kwamba wanaweza kuachwa. Hanna na Barbera waliingia kwenye televisheni na kuanzisha kampuni yao mwaka huo huo.

Kilichofaulu

Ufaulu mkubwa ni kwamba kipande kinabadilika maana kikiingizwa katika hadithi ya nje. Katika The Mouse Comes to Dinner mtazamaji wa mwaka 1945 alicheka na mipango ya Tom kuharibika mezani, na uzito wa hadithi ulikuwa kwa Tom na mgeni wake. Mwaka 1952, baada ya kijishetani kusema neno lake, jicho linahamia kwa Jerry. Supu anayoilazimishwa kupuliza inakuwa dhuluma inayohesabiwa. Hakuna mstari uliochorwa upya, na bado tunatazama jambo jingine. Mhariri akiweza kufanya hivyo, hajarudia kazi ya zamani. Ameisoma upya, na mtazamaji anaisoma pamoja naye.

Mwisho nao umefaulu, kwa sababu haukupatikana ghalani mwa vipande. Filamu ya namna hii hujaribiwa sana na kishawishi cha kumalizia kwa kipande chenye kishindo kikubwa, kisha maandishi ya mwisho. Hapa hadithi ya nje inapewa neno la mwisho, na neno hilo linapingana na ushahidi wote ulioletwa: Jerry amesikiliza mifano minne ya jinsi mapenzi yanavyomtia mtu wazimu, na bado anatumbukia. Vipande vinne vikawa maandalizi ya kichekesho kimoja kipya.

Kuna na jambo la wakati. Mtazamaji wa mwaka 1952 hakuwa na namna ya kuitazama tena katuni ya mwaka 1945 alipotaka, kwa sababu ilipita ukumbini, ikaondoka. Kipande cha sekunde chache kilimrudishia kitu alichokuwa amekipoteza, na kwa watoto waliokuwa wachanga mwaka 1945 kilikuwa kipya kabisa.

Kilichoshindikana

Sura za wahusika hazikubaliani. Katika miaka saba Tom alikuwa amechorwa kwa namna iliyobadilika polepole, mistari ikapunguzwa, uso ukarahisishwa, na tofauti ambayo isingeonekana kati ya filamu ya mwezi huu na ya mwezi ujao inaonekana waziwazi pale Tom wa mwaka 1952 anapofuatwa mara moja na Tom wa mwaka 1945. Hadithi ya nje ingeweza kulitumia hilo, kwa kuwa kumbukumbu ni za ujana, lakini halikuguswa. Tatizo hili lilikuwa kubwa zaidi katika Matinee Mouse ya mwaka 1966, iliyotengenezwa chini ya waandaaji wengine wenye mtindo wao, ambamo paka na panya wanakaa ukumbini kujitazama kwenye pazia, na waliomo kwenye viti hawafanani sawasawa na waliomo kwenye picha.

Muziki umekatika pia. Bradley aliandika kila filamu kama kipande kizima kinachopanda na kushuka, na ukikata katikati unapata mpando usio na chanzo na mshuko usio na sababu. Mapengo yamezibwa na maneno ya kijishetani, na maneno hayo yanafanya kazi, lakini sikio linalosikiliza kwa makini linajua kwamba limehamishwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

La tatu ni kwamba hoja haikui. Kijishetani kinasema jambo moja, kinatoa mfano, kinasema jambo lile lile, kinatoa mfano mwingine. Kipande cha nne hakimwumizi Jerry kuliko cha kwanza wala hakileti aina mpya ya balaa. Vingepangwa kwa ukubwa wa dhuluma, kuanzia usumbufu mdogo hadi hatari ya kweli, hasira ya Jerry ingekuwa na ngazi ya kupanda, na kuanguka kwake mbele ya panya jike kungekuwa na kimo kirefu zaidi. Life with Tom ya mwaka uliofuata ilikuwa na hatua hiyo iliyokosekana. Humo Jerry ameandika kitabu kuhusu Tom, watu wanamcheka Tom, hasira inapanda kwa kila kipande, mpaka Tom anapogundua kwamba nusu ya mapato ya kitabu ni yake, na ghafla maumivu yake mwenyewe yanakuwa kichekesho kwake. Kumbukumbu zimebadilisha hali ya mhusika, na studio, kwa kujua au kwa kutojua, imesimulia biashara yake yenyewe ya kulipwa mara ya pili kwa kipigo kile kile.

Kasoro ya mwisho haikuwapo siku filamu ilipotoka. Kazi hii ilitegemea usahaulifu wa mtazamaji, na usahaulifu huo ulikwisha pale Tom na Jerry walipopata nafasi yao ya Jumamosi asubuhi kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1965, filamu kadhaa zikifuatana. Leo mtoto wa Mombasa au Bujumbura anaweza kuitazama Salt Water Tabby kwenye simu, na filamu inayofuata yenyewe ikawa Smitten Kitten. Kwake hakuna kumbukumbu iliyorudishwa, maana hajapata nafasi ya kusahau. Kuna marudio tu. Anayepanga orodha ya kuonyesha filamu hizi, iwe ni kwenye kituo cha televisheni au katika ukumbi wa shule, angefanya vyema kuitenganisha Smitten Kitten na wazazi wake wanne kwa siku kadhaa, au kuitanguliza ili zile nzima zifuate baadaye na kujibu maswali ambayo vipande vimeyaacha: Tom alifikaje chini ya dirisha lile, na baada ya supu kulitokea nini mezani.